Franco hakuwa na haraka

Wengi wanaokuja kuisikiliza bendi yetu hapa Kisumu hawajui Lingala, ila wimbo wa Mario wa Franco, mwanamuziki wa Kongo, ukianza, viti vinasukumwa pembeni. Mimi hupiga gita la solo. Vijana ninaowafundisha gita huniuliza mzee Franco alikuwa na nini, maana vidole vyake si vya kasi kama vya wapigaji wa soukous, muziki wa Kongo wa kasi, waliomfuata.

Nami huwaambia wasikilize mkono wa kulia. Franco alipenda kung'oa nyuzi mbili kwa mpigo, kwa kidole gumba na cha shahada, sauti ya juu na ya chini zikitembea pamoja. Akishapata kipande kitamu anakirudia, anakirudia tena, anakiongezea chumvi kidogo tu. Kijana akijaribu, mara ya nne ameshachoka, anataka kuonyesha ufundi. Hapo ndipo ngoma inapokufa.

Franco, yaani Luambo Makiadi, alizaliwa Sona Bata, Kongo, mwaka 1938, akakulia Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville. Mama yake aliuza maandazi sokoni Ngiri-Ngiri, naye mtoto akipiga muziki kuwavuta wateja. Bendi yake ya OK Jazz ilipoundwa mwaka 1956, hata miaka 18 alikuwa hajafikisha.

Sasa rudi kwenye Mario, ya mwaka 1985. Mwimbaji wake Madilu System anaimba kwa sauti ile ya kubembeleza, kisha Franco anaingia akiongea, haimbi, kama mzee aliyeitwa kusuluhisha ugomvi wa nyumbani. Mario ni kijana msomi anayelishwa na mama mtu mzima mwenye pesa. Franco anamsuta: vyeti unavyo, nenda katafute kazi! Nyuma yake magita hayabadiliki. Yanamwachia nafasi ya kusema, na wewe msikilizaji mwili unakuwasha ukisubiri sebene, kile kipande cha magita cha kuchezea. Kusubiri huko ndiko utamu wenyewe.

Watu wa huku walishazoea hayo kabla. Kwenye benga, muziki wa Wajaluo, ya D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz, mwimbaji anasimulia na kusuta watu, gita linamjibu, halafu sauti zinanyamaza gita libaki na uwanja. Kwa hiyo Franco aliwakuta na masikio tayari.

Sisemi alikuwa malaika. Mwaka 1978 alifungwa kwa nyimbo zilizoonekana za matusi, na zile alizomsifia Rais Mobutu mimi sizipigi, hata nikitunzwa. Alifariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, akiwa na miaka 51, na Mobutu huyo huyo akatangaza siku 4 za maombolezo.

Bendi nyingi sasa hukata yale mazungumzo ya Mario zikimbilie sebene, kwa kuwa hapo ndipo watu hutunza. Mwenye baa akitukonyeza, nasi tunakata. Watu wanacheza, naam, ila sebene ambayo haikusubiriwa huwachosha mapema, na dakika chache baadaye wamerudi mezani kwenye samaki wao.