Kiti cha bustani hakifi usoni

“Fundi, wewe piga verni tu, mikono mitatu minne, mvua haitakigusa tena.” Juma hili nimeambiwa hivyo tena, na mama mmoja wa mtaa wa Muhumba aliyenunua viti vya bustani kwa watu waliokuwa wanahama. Viti vizuri, vya muvula, mbao ngumu ya kwetu, vimegeuka kijivu. Mama yangu, nisikilize, na wengine wote mnaopanga kuniambia hivyo hivyo.

Verni, yaani vanishi, ni utando. Ukikauka ni mgumu, lakini mbao iliyo chini yake haitulii: ikilowa inavimba kwa upana, ikikauka inasinyaa. Hapa Bukavu mvua inaanza Septemba mpaka Mei, na siku hiyo hiyo moja unaweza kupata mvua asubuhi na jua kali mchana. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, jua letu si la mchezo. Utando unapasuka, kwanza kwenye maungio. Maji yanaingia kwa ule ufa mdogo, halafu yanakosa pa kutokea. Kiti kisichopakwa kitu kingekuwa kimekauka jioni. Chako chenye verni kinabaki na unyevu ndani wiki nzima, huku juu kinang’aa.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi. Verni inapitisha mwanga, ndiyo maana unaona rangi ya mbao. Basi jua nalo linapita. Linavunja lignini, ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mbao, na nyuzi za juu zinaachia. Verni yenyewe inaweza kuwa bado nzima, ila imeshikilia kitu kilichokwisha kuachia, kwa hiyo inabanduka vipande vipande kama maganda ya kitunguu. Ukiongeza mkono wa tano juu ya hapo umepaka maganda.

“Na ile verni ya mashua je?” Ndiyo, inanyumbuka zaidi na ina kinga ya jua. Lakini wanaoitumia wanapiga msasa na kupaka upya mara kwa mara, kabla haijapasuka. Nani kwenu atafanya hivyo? Makopo mengi ninayoyaona soko la Kadutu ni ya makabati ya sebuleni.

Sasa kijivu. Kijivu si kuoza. Ni tabaka jembamba la nyuzi zilizochomwa na jua. Pitisha randa kidogo, mbao iko pale pale. Tena nakiri, kabla ya kuparuza, mbao iliyokuwa kijivu naweza kuiita muvula kumbe ni libuyu, mbao nyingine, na libuyu nje si wa kumtegemea. Kuoza tafuta kwingine: geuza kiti, choma miguu kwa ncha ya bisibisi, choma pale ubao wa kukalia unapolala juu ya fremu. Ncha ikizama bila nguvu, hapo ndipo kazi.

Mguu unakunywa maji kwa chini, mahali nyuzi zilipokatwa, kuliko ubavuni kote. Nakata kilichooza, naunga kipande, nasimamisha kiti kichwa chini na kuacha ule mkato unywe mafuta ya kitani yaliyopunguzwa uzito mpaka ukatae. Halafu weka mawe bapa chini ya miguu, si udongo wetu huu wa mfinyanzi. Kole, yaani gundi, ya zamani kwenye maungio lazima ikwanguliwe yote, mpya haishiki juu yake. Na kole nyeupe ya kawaida isahau, inalegea kwa maji. Misumari ya chuma inaacha madoa meusi, tafuta visi, yaani skrubu, vya shaba au inoksi, chuma kisichoshika kutu.

Vitabu vinasema mafuta “yanalisha” mbao. Mbao imekufa, inakula nini? Mafuta yanapunguza kasi ya maji, basi. Nimeona viti vya muvula visivyopakwa chochote vikizeeka sawa na vilivyopakwa, na mara nyingine nashuku kwamba napaka kwa ajili ya macho ya mwenye kiti. Lakini mafuta hayafungi maji ndani, na mwakani unapaka tena bila kukwangua. Futa yanayobaki juu, la sivyo yananata na kuvu linakuja. Mafuta machafu ya gari, hapana. Hapana kabisa, mtakalia na nguo za kanisani.

Matambara yenye mafuta ya kitani yatandazwe au yaloweshwe maji kabla ya kutupwa. Yakikunjwa pamoja yanapata joto yenyewe na kuwaka moto.

Na leteni viti kiangazi, Juni mpaka Agosti. Ukileta Novemba kikiwa kimelowa, kitakaa chini ya paa langu mpaka kikauke, na kunipigia simu kila asubuhi hakukikaushi.