Siku 28 za likizo haziondoi uchovu wa kazi

Wiki hii nimeisikia mara tatu hapa Dodoma: "Daktari, nimechoka tu, nikienda likizo nitakaa sawa." Hapana. Uchovu wa wiki mbili za kazi nyingi huisha ukilala. Huu mwingine, uchovu wa kazi (burnout), Shirika la Afya Duniani limeueleza katika ICD-11, mwongozo wake wa kuainisha magonjwa, kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo kimawazo, na kujiona huna tija. Unatokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Likizo hugusa hasa lile la kwanza, tena kwa muda.

Mtumishi mmoja wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, alikaa kwao Kondoa siku zote 28 anazopewa kisheria. Akalala, akala, akanenepa. Jumatatu ya kurudi, daladala ilipofika kituoni hakunyanyuka. Alipitilizwa, akarudi kwa bodaboda. Mezani majalada yalikuwa yameongezeka, maana hakuna aliyemkaimu. Nilipomuuliza kuhusu wananchi anaowahudumia akasema, "Sura zao sizioni tena, naona foleni." Kauli kama hiyo naisikiliza kuliko miayo.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu ya likizo, chukua daftari. Wiki mbili, kila jioni, andika kazi iliyokunyonya zaidi na sababu: mzigo, kukosa kauli, kutothaminiwa, ugomvi, upendeleo, au kufanya usichokiamini. Nenda nalo kwa bosi wako. Nawasihi wote wanaokuja kwangu wafanye hivyo, na wengi hawafanyi. Badala yake huniambia haya:

"Dodoso la kwenye simu limenipa asilimia 80." Dodoso la kupima uchovu huu la mwanasaikolojia Christina Maslach, la 1981, lina maswali 22 na hutoa alama tatu zisizojumlishwa. Halisemi unao au huna.

"Ni malaria isiyoonekana." Pima, pamoja na wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo. Lakini usimeze dozi ya nne wakati kipimo kimekataa.

"Ni uvivu." Ninaowaona mimi ndio waliokuwa wakifunga ofisi usiku.

"Sonona na uchovu wa kazi ni kitu kimoja." Sonona (depression) ni ugonjwa, uchovu wa kazi, kwa ICD-11, si ugonjwa. Kama hata harusi ya mdogo wako haikupi raha, au unawaza kufa, achana na daftari. Nenda hospitali iliyo karibu, au Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma, leo hii, na umwombe ndugu akusindikize hadi ndani.