Je, wajua kwa nini watunzi wa hadithi za upelelezi hupeana siri za kazi?

Alfajiri ya mwezi wa Agosti, baharia mstaafu ameketi kando ya mto, anavua samaki. Maji yanajaa kutoka baharini. Mara anaona mashua ndogo inapanda na maji, haina mtu wa kupiga kasia. Inapokaribia anaona kumbe yumo mtu, amelala chali. Ni admirali mstaafu, jirani wa hapo hapo, naye ameuawa kwa kisu. Mashua yenyewe ni ya kasisi wa kijiji.

Ndivyo inavyoanza riwaya ya The Floating Admiral, iliyotoka Uingereza mwaka 1931. Ajabu yake si hayo mauaji. Ajabu ni kwamba Victor Whitechurch, aliyeandika sura ya kwanza, hakumwachia mwenzake neno lolote kuhusu muuaji. Riwaya ilipita mikononi mwa watunzi zaidi ya kumi, kila mmoja sura yake, na kila mmoja akipokea fumbo kama alivyoliacha aliyemtangulia. Masharti yalikuwa makali: mwenye zamu alitakiwa awe na jibu lake kamili kabla ya kuandika, na jibu hilo lielezee kila kitu alichokirithi. Asiongeze utata kwa ajili tu ya kumtesa anayefuata. Majibu ya wote, isipokuwa walioandika sura mbili za mwanzo, yalichapishwa mwishoni mwa kitabu. Ukiyasoma unakuta maiti ni ile ile, mashua ni ile ile, mto ni ule ule, lakini wauaji mbalimbali. Anthony Berkeley ndiye aliyebebeshwa sura ya mwisho, ndefu kuliko nyingine, na aliipa jina linalosema kazi iliyomkabili: kusafisha vurugu.

Watu hawa walikuwa washindani. Wasomaji walikuwa wale wale, na aliyenunua kitabu cha Agatha Christie wiki hii huenda asiwe na fedha ya kununua cha Dorothy L. Sayers. Hata hivyo walikuwa na chama chao, Detection Club, kilichotokana na karamu za jioni alizokuwa akiziandaa Berkeley miaka ya mwisho ya 1920. Kufikia 1930 kilikuwa na mwenyekiti, G. K. Chesterton, na baadaye wakapata vyumba vyao katika mtaa wa Gerrard, Soho, jijini London. Wanakula, wanakunywa, wanaelezana kazi zilivyokwama. Kwa nini mtu ampe mshindani wake siri ya biashara?

Sababu ya kwanza iko ndani ya kazi yenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapo ndipo mtunzi wa upelelezi anapopatia taabu. Yeye anamjua muuaji tangu ukurasa wa kwanza, kwa hiyo hawezi kujisomea kama mgeni. Dokezo analoliona limefichika huenda msomaji akalinasa papo hapo, na analoliona wazi huenda lisionwe na mtu yeyote. Mtunzi wa mashairi anaweza kujisikiliza mwenyewe na akajua mshororo umekwenda kombo. Wa upelelezi anahitaji sikio la pili, tena la mtu anayeijua mitego, atakayemwambia, "Mwenzangu, nimemjua tangu pale alipovaa koti."

Kiapo cha chama kilikuwa na maana hiyo hiyo. Mwanachama mpya aliapishwa mbele ya fuvu la kichwa waliloliita Eric. Aliapa kwamba mpelelezi wake atafumbua fumbo kwa akili yake, si kwa ufunuo wa kimungu, si kwa mazingaombwe wala kwa bahati, na kwamba hatamficha msomaji dokezo la maana. Shughuli yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, mishumaa na majoho, lakini waliyoyaapa waliyashika. Msomaji ana haki ya kuona kila alichokiona mpelelezi, na mwenzako wa mezani ndiye mtu wa kwanza wa kukuambia kama umemdhulumu.

Sababu ya pili naipenda zaidi: kila mtu alikuja pale na kwao. Freeman Wills Crofts alikuwa mhandisi wa reli Ireland ya Kaskazini, na hadithi zake zimejaa saa za treni. Ronald Knox alikuwa padri wa Kikatoliki. John Rhode alikuwa ofisa wa jeshi. Christie, mzaliwa wa Torquay katika jimbo la Devon, alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali huko huko Torquay wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndiyo maana sumu zake zinaua kwa vipimo vya kweli. Meza ya namna hiyo ni kama baraza la kahawa la mji wa pwani: yumo nahodha, yumo fundi, yumo mwalimu, na swali lolote lina mwenyewe. Sayers alipoandika Have His Carcase, iliyotoka 1932, yenye barua ya maandishi ya siri ndani yake, alimshukuru Rhode kitabuni kwa kumsaidia kwenye sehemu ngumu.

Na fumbo zuri huishi kwenye vitu vya kwao. Mtazame yule baharia wa mtoni. Kwa mtu wa mji wa bara, mashua inayokwenda ni mashua inayokwenda. Baharia anaitazama na kuuliza: maji yalianza kujaa saa ngapi? Basi ilifunguliwa wapi ili ifike hapa sasa? Msomaji wa Mombasa au Unguja haelezwi hilo. Anajua maji yana saa sita hivi za kujaa na saa sita za kupwa, na kwamba kesho yatachelewa kidogo kuliko leo. Anajua bamvua si sawa na maji mafu. Angeweza kukaa na yule mzee na kuipigia hesabu ile mashua.

Sayers mwenyewe alitoa mfano bora. Baba yake alikuwa kasisi wa Bluntisham, mashariki mwa Uingereza, nchi tambarare iliyokaushwa kwa mifereji na malango ya maji, na huko ndiko alikokulia. Mwaka 1934 alitoa The Nine Tailors, akaiweka katika kijiji cha kubuni kwenye nchi ile ile. Kanisani kuna kengele kubwa inayotangaza misiba. Mapigo tisa, kijiji kinajua aliyekufa ni mwanamume. Halafu inanyamaza, kisha inapiga polepole, pigo moja kwa kila mwaka wa umri wake. Watu wamesimama mashambani wanahesabu, na wakifika idadi fulani wanajua ni nani, kwa sababu wanamjua mgonjwa wa umri huo. Kwa mwenyeji ni sauti ya kawaida kama tangazo la msiba kutoka msikitini. Mtu aliyelelewa mbali na kengele hizo angeziona mapambo tu, asingejua zinaweza kubeba hadithi nzima.

Upande wetu, mtu wa kumtaja ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alikuwa mkaguzi wa afya, kisha mhariri wa magazeti, kazi mbili za kuingia majumbani na kusikiliza watu. Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 hadi 1958, ikachapishwa 1960. Maiti ya Bwana Ali inakutwa mzimuni, mahali penye kuogopwa. Kule London waliapa kutofumbua fumbo kwa mazingaombwe. Abdulla hakuukimbia mzimu, maana ungeitoa hadithi yake Unguja. Aliuacha mahali pake, na watu na hofu yao, kisha akamleta mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake afuate nyayo za binadamu.

Na maongezi ya mezani je? Aliyaingiza kitabuni. Bwana Msa ana rafiki yake, Najum, ambaye huona anachokiona Msa na asielewe, akauliza, akabisha, akajibiwa nusu. Kila Najum anapouliza, ndipo na sisi tunapopata nafasi ya kurudi nyuma kurasa chache, kutazama tena nani alikuwa wapi.