Likizo haitibu uchovu wa kazi, na kumlazimisha mtu asimulie hakutibu kiwewe

Kila tukienda kutoa semina kwa manesi, walimu na watu wa ustawi wa jamii swali ni lilelile, dokta nina stresi nifanyeje, halafu ukimsikiliza vizuri unakuta mmoja anawaza ada na kodi ya nyumba, mwingine kazi imemmaliza kabisa, na wa tatu alikuwa kwenye basi lililopinduka na mpaka leo akisikia breki zinalia mwili mzima unatetemeka. Wote wanasema stresi na wote mtaani wanapewa ushauri mmoja, pumzika, sali, ongea na mtu. Ushauri sio mbaya ila hauwafai wote sawa, na kazi kubwa ya sisi watafiti wa saikolojia tiba ndio hiyo, kujua nini kinamsaidia nani.

Stresi ya kawaida sitakaa nayo sana, huo ni mwili unajiandaa kupambana na jambo, jambo likiisha na mwili unatulia.

Uchovu wa kazi ni kitu kingine. Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, aliuandikia mwaka 1974 baada ya kuona watu waliokuwa wanajitolea kwenye kliniki ya bure, watu wenye moyo kweli, wanaisha taratibu. Mwaka 1981 wanasaikolojia Christina Maslach na Susan Jackson wakatoa dodoso la maswali 22 ambalo mpaka leo tunalitumia, linapima mambo matatu, kuishiwa nguvu za moyo, kuwaona watu unaowahudumia kama vitu, na kujiona hufanyi lolote la maana. Hilo la pili ndilo linaloniumiza zaidi, nesi ambaye zamani alikuwa anajua mgonjwa ana watoto wangapi sasa anasema tu yule wa kitanda cha nne, na watu wanamwita ana roho mbaya wakati huyo mtu ameisha. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza wazi kwamba huu sio ugonjwa, ni hali inayotokana na stresi ya kazini ya muda mrefu ambayo haikushughulikiwa. Kazini, sio kichwani kwa mfanyakazi. Ndio maana mtu anachukua likizo yake ya siku 28 anarudi ana nguvu na wiki chache baadaye yuko palepale, maana wodi ni ileile, zamu ni zilezile na bosi hajabadilika. Maslach na mwenzake Michael Leiter wanataja mambo sita ya kuangalia, mzigo wa kazi, uhuru wa kuamua, kuthaminiwa, mahusiano, haki na kama kazi inaendana na unachoamini, na ukiyasoma yote sita utaona karibu yote yako mikononi mwa anayepanga kazi, kwa hiyo wakuu wa vituo naomba sana msiishie kuwaletea watu semina ya kuhamasishana, anzeni na ratiba ya zamu.

Sasa kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha. Watu wengi wakipata tukio la kutisha, ajali, moto, kubakwa, kuvamiwa, wanakosa usingizi na kushtukashtuka wiki za mwanzo halafu wengi wao wanapoa wenyewe wakiwa na watu wao. Zamani wataalamu waliamini ni lazima kuwakusanya watu mapema wasimulie kila kitu, kwa nia njema kabisa, lakini tafiti zilipofuatilia zikakuta kikao cha namna hiyo hakizuii kiwewe na wapo waliozidi kuumia, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema kisitumike. Mara baada ya tukio mtu anataka usalama, maji, simu ampigie ndugu yake, na mtu wa kukaa naye kama tunavyokaa na mfiwa bila kumhoji, akitaka kusema msikilize, asipotaka muache.

Kusimulia kuna wakati wake. Kambi ya wakimbizi ya Nakivale kule Uganda, mwanasaikolojia Frank Neuner na wenzake walifundisha wakimbizi wenyewe, sio madaktari, wakawahudumia wenzao Wanyarwanda na Wasomali, na matokeo yaliyotoka 2008 yalionesha waliohudumiwa walipata nafuu kuliko waliofuatiliwa tu. Njia mojawapo waliyotumia inapitia maisha yote ya mtu tangu kuzaliwa, mara nyingi inatandazwa kamba chini, ua linawekwa penye furaha na jiwe penye maumivu, halafu kwa vikao kadhaa, polepole, mtu anasimulia lile jiwe mpaka akili inakubali kwamba lilitokea pale, siku ile, na limepita.

Kwa hiyo kama mwezi umepita na bado tukio linakurudia kama linatokea sasa hivi, unakwepa njia, watu au sauti zinazokukumbusha, usingizi hakuna na hasira zimekuwa karibu, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uulize kitengo cha afya ya akili. Ukianza kuwaza kujiua usisubiri mwezi, nenda leo hiihii, na usiende peke yako.