Je, wajua kwa nini mkulima wa alizeti hununua mafuta dukani?

Katika soko la Kibuye mjini Kisumu, mafuta ya kupima yanayouzwa kutoka kwenye mitungi, mengi ni ya mawese, yaliyosafirishwa kutoka Malaysia na Indonesia. Mkulima wa Bungoma au Busia aliyevuna alizeti kwenye robo eka humuuzia dalali mbegu zake, kisha akapitia dukani kununua chupa ya mafuta hayohayo. Wapo wanaomcheka, lakini hesabu yake ina mantiki.

Tuanze na gunia lenyewe. Gunia linalobeba kilo 90 za mahindi, likijazwa alizeti hadi shingoni, huwa na takriban kilo 45 tu, kwa sababu mbegu hiyo ina ganda jepesi na hewa nyingi katikati. Mwenye lori hutoza kwa gunia, si kwa kilo. Kwa hiyo nauli ya kila kilo huongezeka maradufu, na dalali huikata kwenye bei anayompa mkulima. Mbegu chotara nzuri huwa na mafuta asilimia 40 hivi, yaani kilo 18 katika gunia hilo. Kinu kidogo hakikamui yote: tukichukulia kwamba robo hubaki ndani, zitatoka kilo 13 na nusu, ambazo ni kama lita 14 na nusu.

Lita hizo hushindana na mchikichi, mti wa mawese unaozaa mwaka mzima kwa zaidi ya miaka 20 na kutoa tani tatu au zaidi za mafuta kwa hekta, ilhali alizeti kwa kawaida haifikishi hata tani moja. Ndiyo maana bei ya Kibuye hupangwa mbali sana na Kibuye. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipovuruga biashara ya alizeti na Indonesia ikazuia kwa majuma kadhaa mawese yake yasiuzwe nje, bei ilipanda hata kwa asiyewahi kusikia habari za nchi hizo.

Halafu kuna ndege. Hao huanza kula vichwa vya pembezoni, na katika shamba la robo eka karibu kila kitu ni pembezoni. Kuamia ndege kwa majuma kadhaa ni kazi ambayo hakuna anayeiandika kwenye hesabu, pengine kwa kuwa hufanywa na watoto.

Faida, kwa maoni yangu, imejificha katika kile ambacho wengi hukiacha kinuni. Baada ya kukamua, gunia letu hubakiza takriban kilo 30 za mashudu, chakula chenye protini ambacho watengenezaji wa vyakula vya mifugo wa Kenya huagiza hata kutoka Tanzania na Uganda, na ambacho mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Nakuru hununua kwa kilo. Mwenye kuku au ng'ombe wake mwenyewe, na kinu kikiwa karibu kiasi cha kufikika kwa baiskeli, hukwepa nauli, dalali na duka la vyakula vya mifugo kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo mwenye kinu akikwambia umwachie mashudu badala ya kulipa ada ya kukamua, yapime kwanza kwenye mizani.