Ajiliti ya mbwa: kwa nini mtoto wa mbwa haanzi kwa kuruka

Ajiliti ni mchezo wa mbwa kupita vizuizi mbio, kwa mpangilio uliowekwa, mwenye mbwa akikimbia pembeni na kumwelekeza kwa sauti na mkono tu. Kumgusa hairuhusiwi. Mchezo huu ulianza mwaka 1978 kwenye maonyesho ya Crufts, London, kama burudani ya kujaza muda, ukiiga farasi wanaoruka viunzi. Vizuizi vyake ni viunzi vya kuruka, handaki la turubai, fito zilizosimikwa ambazo mbwa hupita katikati yake akijipinda kama nyoka, daraja la ubao, na ubao unaopanda na kushuka kama ule wa watoto.

Mtu wa Mwanga au Ujiji, hapa kwetu Kigoma, akisikia hayo hudhani kazi ni kumfundisha mbwa kuruka. Mbwa gani hajui kuruka? Wa jirani yangu akinusa migebuka inakaangwa, ukuta wa tofali kwake si kitu.

Asichokuwa nacho ni habari za miguu yake ya nyuma. Ya mbele anaiona na kuipanga. Ya nyuma inafuata tu, kama mabehewa yanavyofuata kichwa cha treni. Uwanjani hilo halina shida. Juu ya daraja lenye upana wa sentimita 30 hivi, behewa la mwisho linaanguka. Hata kwenye viunzi, mara nyingi ufito wa juu huangushwa na miguu ya nyuma. Kwa hiyo mafunzo ya mbwa mchanga, kwa sehemu kubwa, ni kumjulisha kwamba ana miguu minne.

Chukua tofali, au beseni gumu ulilolifudikiza. Mvute kwa chakula apandishe miguu ya mbele juu yake, kisha wewe zunguka taratibu. Ya mbele ikikaa juu, ya nyuma italazimika kutembea kwa ubavu. Hapo ndipo mbwa wengi husimama na kushangaa, kana kwamba wamekanyagwa na mtu mwingine. Mguu wa nyuma ukisogea hata hatua moja, mpe tonge papo hapo. Ukichelewa atadhani umemsifu kwa kukutazama. Sisi wa Kigoma tonge tunalo: dagaa mkavu, aliyekung'utwa mchanga, akatwe vipande viwili. Dakika tatu au nne zinatosha, mwache akacheze.

Zoezi la pili ni fito nne au tano zilizolazwa chini. Apite kwa kutembea, si kwa kukimbia, maana akikimbia atazivuka bila kufikiri. Akizoea, badilisha nafasi kati ya fito ili asizikariri.

Ubao ule unaopanda na kushuka nao uanze ukiwa umelala chini kabisa. Baadaye weka kijiti chini yake ucheze kidogo na kutoa mlio. Usimsukume. Mbwa aliyeogopa ubao akiwa mdogo anaweza kuukataa hata akikua, na kumrudisha ni kazi ndefu kuliko kungoja.

Kungoja huko kuna sababu ndani ya mifupa. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mbwa anayekua kuna tabaka la gegedu, ambalo ndilo linalorefusha mfupa. Ni laini kuliko mfupa wenyewe; likiumia, mguu unaweza kukua umepinda. Kwa mbwa wa aina ndogo tabaka hilo hufunga, yaani hugeuka mfupa, mapema, mara nyingi kabla ya kutimiza mwaka. Kwa wa aina kubwa huweza kufika mwaka na nusu. Ndiyo maana Uingereza mbwa hashindani kabla ya miezi 18.

Mpaka hapo, fito zikae chini, au zisizidi kifundo cha mguu wake wa mbele. Na akipanda juu ya kitu kirefu mwenyewe, mshushe kwa mikono. Kutua kwa miguu ya mbele kunaumiza kuliko kupanda.