Jangwa si Manjano Tu: Dhana Potofu Kuhusu Kulichora kwa Wino na Rangi za Maji

Wachoraji wengi wa Kisumu tumezoea ziwa, mafunjo ya ufuo wa Dunga na mawingu mazito ya alasiri. Tukiamua kuchora jangwa, tunalitoa kichwani: vilima vya mchanga vya manjano, ngamia mmoja, jua la duara.

“Jangwa ni mchanga.” Hata Sahara, sehemu iliyofunikwa na mchanga ni kama robo tu, kwingine ni mawe, changarawe na miamba. Hapa Kenya, Chalbi kule Marsabit ni sakafu ya ziwa lililokauka kale, na chumvi yake hung’aa nyeupe. Nawe ukitoka Kitale, ukashuka njia ya milimani ya Marich kuelekea mji wa Lodwar, Turkana, utakuta udongo mwekundu, mawe meusi ya volkano, mikoma kando ya mto Turkwel, na miti ya miiba ya mathenge iliyo kijani hata wakati wa kiangazi. Rangi ya manjano ndiyo itakayokuishia mwisho. Mimi hutegemea zaidi sienna iliyochomwa (kahawia yenye wekundu) na bluu ya altramarini (bluu iliyokolea). Ukizichanganya unapata kijivu cha kila namna, chenye joto au baridi kutegemea ipi imezidi.

“Kivuli ni cheusi.” Kivuli cha jangwani huangaziwa na anga, ndiyo maana huelekea bluu au zambarau. Wino mweusi uache kwa nyufa na miiba.

“Wino wowote unafaa.” Hili limeharibu picha nyingi nzuri. Wino wa kalamu za kawaida huyeyuka majini: ukipitisha brashi, mstari wa mlima unachuruzika na anga lote linachafuka. Unaotakiwa ni wino wa masizi ambao ukishakauka hauyeyuki tena. Usiamini maandishi ya chupa peke yake. Chora mstari kwenye kipande cha karatasi ileile, ungoje ukauke kabisa, kisha usugue kwa brashi yenye maji. Maji yakibaki safi, endelea. Ila wino huo usiutie kwenye kalamu ya kujaza wino, maana utaiziba; tumia nibu ya kuchovya, uioshe kabla haujagandia.

“Ukiweza Kisumu, utaweza popote.” Huku hewa ina unyevu, unapata muda wa kutandaza rangi ya anga polepole. Lodwar, ukingo wa kwanza hukauka kabla brashi haijafika wa pili, na mpaka mkavu unabaki katikati ya anga kama kovu. Changanya rangi ya kutosha kabla ya kuanza, lowesha karatasi kwanza, tumia brashi pana, na uchore asubuhi na mapema. Cha ajabu, gundi inayoshika rangi hizi hutoka kwenye utomvu wa migunga ya nchi kame kama hizo hizo.

“Mahali patupu lazima pajazwe.” Hapana! Upana wa jangwa hutokana na kile ulichoacha. Chora kichaka kimoja kikubwa karibu, kingine kidogo mno mbali, na katikati usiweke chochote. Chumvi ya Chalbi haihitaji rangi nyeupe: ni karatasi yenyewe, isiyoguswa.

Na karatasi ya manila ya shule? Itajikunja kwa maji. Tafuta karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, hata kama utanunua moja na kuikata vipande vinne.